Sura ya Sita: Sikio Chini ya Maji

Ndege ilitokea nyuma ya msafara, ikashuka chini, ikapita juu ya meli na kwenda zake. Kisha ikageuka. Safari ya pili rubani alikuwa akiizima mashine na kuiwasha, akiizima na kuiwasha, hata mabaharia waliokuwa wakiipungia mikono wakaishusha mikono yao na kuanza kutazamana. Safari ya tatu ikadondosha kitu kidogo baharini. Pale kilipoangukia, moshi ukafumka.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Mei 1943, jioni, kaskazini mwa pwani ya Cuba. Msafara wenyewe haukuwa wa kutisha mtu: meli mbili za mizigo, Wanks ya Honduras na Camagüey ya Cuba, zimetoka Isabela de Sagua zimejaa sukari, zinaelekea Havana. Walinzi wao walikuwa vyombo vitatu vya mbao vya jeshi la majini la Cuba, CS-11, CS-12 na CS-13. Herufi hizo mbili ni kifupisho cha Kihispania chenye maana ya mwinda nyambizi. Jina kubwa kwa chombo chenye urefu wa mita 25.

CS-13 iliamriwa iende ikatazame moshi ule. Nahodha wake, Mario Ramírez Delgado, alikuwa afisa wa cheo cha chini. Chini ya kibanda cha usukani, katika kijichumba ambacho mtu mzima hawezi kunyoosha miguu, alikaa baharia mweusi wa miaka ishirini na ushee, ameziba masikio kwa spika mbili za kusikilizia. Jina lake Norberto Collado Abreu. Tutamwacha hapo kwa muda na spika zake, kwa sababu kabla ya kusikia alichokisikia ni vizuri tujue amekalia nini.

Alikalia mbao. Mkuku wa mbao, mataruma ya mbao, ubavu wa mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo na kutiwa kalafati, kama fundi wa Lamu au wa Nungwi anavyofanya hadi leo. Tofauti ni kwamba ndani mlikuwa na mashine mbili kubwa za petroli zenye jumla ya nguvu za farasi 1,200, ambazo ziliweza kukisukuma chombo kufikia maili za bahari 20 kwa saa. Petroli, si dizeli. Mabaharia waliolala juu ya matangi yale walijua maana yake: mvuke wa petroli ukishuka ngamani na kutulia, cheche moja tu yatosha.

Kwa nini mbao, na vita vilikuwa vya chuma? Jibu lianzie Januari 1942. Marekani ilikuwa imeingia vitani mwezi mmoja tu uliopita, na nyambizi za Wajerumani zikavuka Atlantiki na kujipanga mbele ya pwani yake ya mashariki. Miji ilikuwa bado inawasha taa. Meli iliyopita usiku ilionekana mbele ya mwanga wa jiji kama kivuli cha mtu mbele ya karabai, na nahodha wa nyambizi hakuhitaji hata kulenga sana. Mamia ya meli zilizama katika miezi michache. Mwezi wa pili wimbi hilo likaingia Karibi, kwenye njia za mafuta ya Venezuela na madini ya alumini ya Guiana. Cuba, iliyotangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 11 Desemba 1941, ilikuwa katikati ya njia zote hizo, na sukari yake yote ilisafiri kwa meli.

Walinzi hawakuwepo. Karakana zilizojua kuunda manowari za chuma zilikuwa zimejaa kazi mpaka mlangoni, na manowari moja inachukua muda. Lakini palikuwa na kundi jingine la mafundi ambalo halikuwa na kazi kabisa: waunda boti za starehe. Matajiri wa New York hawaagizi boti za kuvulia samaki wakati wa vita. Mafundi hao hawakujua kulehemu chuma, ila mbao walizijua kama viganja vyao. Serikali ikawapelekea michoro. Karakana ya Wheeler ya Brooklyn peke yake iliwaundia walinzi wa pwani wa Marekani vyombo 230 vya aina ile ya mita 25, na vingine kadhaa vikaenda kwa nchi marafiki, Cuba ikiwamo. Vibanda vya usukani vya vyombo vya mwanzo vilitengenezwa kwa shaba nyeusi, madini ambayo hayaisumbui dira. Shaba ilipoanza kuadimika, wakahamia kwenye plaiwudi. Kwa hiyo ukiviona vyombo hivi kwenye picha unaweza kukisia vita vimefika wapi kwa kutazama kibanda tu.

Wheeler hao hao, mwaka 1934, walikuwa wamemuundia mwandishi Ernest Hemingway boti yake ya kuvulia, Pilar. Hemingway alikuwa akiishi Cuba, na vita vilipofika Karibi alipata kibali cha kwenda kuwinda nyambizi na boti hiyo. Mpango wake ulikuwa hivi: ajifanye mvuvi, nyambizi ije juu kumnyang'anya samaki na maji, isogee karibu, kisha yeye na wenzake waitupie mabomu ya mkono kwenye tundu la kuingilia. Alizunguka mwaka 1942 na 1943 na hakuzamisha kitu. Dunia nzima inaijua Pilar. CS-13, dada yake wa karakana moja, ni wangapi wamewahi kuisikia? Mwandishi akiwa na boti, boti hupata habari zake.

Rudi kwenye tarehe 13 Mei, siku mbili kabla ya moshi. Katika pwani hiyo hiyo ya kaskazini, nyambizi U-176 ilizamisha meli mbili mfululizo: Mambí, meli ya tangi ya Cuba, na Nickeliner, meli ya tangi ya Marekani. U-176 ilikuwa imeondoka Lorient, katika pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, tarehe 6 Aprili, chini ya kamanda Reiner Dierksen. Ilikuwa na urefu wa mita 76 na watu 53. Weka CS-13 tatu zifuatane, tezi ya moja kwenye gubeti ya nyingine, na bado U-176 inazizidi kwa mita moja. Ikija juu, mzinga wake mmoja ungekivunja chombo cha mbao kama kreti la soda.

Lakini haikuja juu. Ilikuwa chini, na chini kule urefu na mizinga havina kazi. Kule anayesikia vizuri ndiye anayeona.

Sona ni chombo rahisi kukieleza na kigumu kukitumia. Chini ya mkuku kuna kitu kinachopiga mlio mkali ndani ya maji. Mlio unakwenda mita 1,500 hivi kwa kila sekunde, ukigonga kitu unarudi, na muda wa kwenda na kurudi unakuambia umbali. Mpaka hapo hata mtoto ataelewa. Sasa mkalishe mtu mbele yake kwa saa nne. Kila kitu kinarudisha mwangwi. Mwamba unarudisha. Kundi la samaki linarudisha. Nyangumi anarudisha, na nyangumi wengi walilipuliwa katika vita vile bila kujua wamekosa nini. Katika bahari ya joto kama Karibi kuna tabaka za maji moto juu na baridi chini, na mlio ukifika kwenye mpaka wake unapinda, ukaenda kusikokusudiwa. Msikilizaji mbaya anapiga kelele kila dakika kumi, mpaka nahodha anaacha kumwamini, na siku mbwa mwitu anapokuja kweli hakuna anayeinuka.

Msikilizaji mzuri anasikia zaidi ya umbali. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara kuu amesikia honi ya basi ikiwa kali linapokuja na kuwa nzito linapokwisha pita. Mwangwi nao uko hivyo: kitu kinachokujia kinaurudisha mkali kidogo, kinachokukimbia kinaurudisha mzito kidogo, na mwamba, ambao hauji wala hauendi, unaurudisha vilevile. Tofauti ni ndogo mno. Mtu ambaye sikio lake ni la kawaida haioni. Collado aliiona. Watu waliofanya naye kazi walilisema sikio lake miaka mingi baadaye, na jioni ile ya Mei ndilo lililokuwa silaha kuu ya Cuba, maana silaha nyingine, hebu tuzihesabu, zilikuwa mzinga mwembamba wa milimita 20 na mapipa machache ya baruti yaliyopangwa tezini.

Alisema ana mwangwi, na mwangwi unakwenda.

Ramírez akakielekeza chombo juu yake. Na hapa pana jambo ambalo sinema hazilionyeshi: ukishakaribia sana, sona inapofuka. Mlio unatoka kwa mshazari kwenda mbele na chini. Nyambizi ikiwa karibu kabisa na chini yako, mlio unapita juu ya mgongo wake. Kwa hiyo mita za mwisho nahodha anakwenda bila sikio, kwa hesabu tu ya alichoambiwa nusu dakika iliyopita, akijua kwamba mwenzake wa chini naye anasikia. Kamanda wa nyambizi husikia mlio ukiharakisha, husikia mapanga ya chombo yakimjia kichwani, na hiyo nusu dakika ya upofu ndiyo anayoitegemea kukata kona.

Pipa la baruti nalo lina tabia zake. Linaanguka tezini, linazama taratibu, na ndani yake mna kifaa kinachopimwa kwa uzito wa maji: kina kilichowekwa kikifika, linalipuka. Ukiliweka kina kifupi nawe unakwenda pole, litakulipukia chini ya tezi yako mwenyewe, na mbao hazisamehe. Chombo cha chuma kitatikisika. Cha mbao kitafumuka kalafati.

CS-13 iliangusha matatu, yamewekwa futi 100, 150 na 250. Watu wakashika walichoweza kushika. La kwanza likalipuka, la pili, la tatu. Kisha ukaja mlipuko wa nne.

Mapipa matatu, milipuko minne. Ule wa nne ulikuwa mkubwa kuliko yote. Tezi ya chombo ilididimia na maji yakaingia chumba cha mashine. Wakati wengine wanahangaika na maji, Collado hakuvua spika. Alichokisikia baada ya hapo kimebaki katika masimulizi yote ya siku ile, na msomaji aliyewahi kuchota maji kisimani atakielewa bila kuwa baharia: sauti ya chombo kitupu kinachozamishwa na kufunguliwa mdomo, kama kibuyu mtungini, hewa ikitoka na maji yakiingia, glogloglo, ila kubwa, na kwa muda mrefu.

Ramírez akaongeza mapipa mawili kwenye kina kirefu ili awe na hakika. Kisha wakangoja. Baada ya dakika chache doa jeusi likaanza kutandaa juu ya maji, zito, linanata, linanuka mafuta. Wakachota kidogo kama ushahidi. Ilikuwa kama saa kumi na moja na robo jioni. Hakuna mtu aliyetoka chini. Watu 53 wa U-176 walikwenda wote.

Chombo kikarudi kwenye nafasi yake, na msafara ukaendelea kuelekea Havana na sukari yake.

Ungetegemea ngoma zipigwe bandarini. Hazikupigwa. Doa la mafuta si nyambizi. Manahodha wa nyambizi walijua kumwaga mafuta kidogo kwa makusudi ili wawindaji waende nyumbani wamefurahi. Uhakika ulipatikana baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa na kuonekana kwamba U-176 haikurudi wala haikutuma neno tena baada ya siku zile. Ramírez alivishwa nishani yake mwaka 1946, miaka mitatu baada ya tendo. Katika Amerika ya Kilatini yote, Brazil ilipata nyambizi kwa ndege, lakini chombo cha majini kilichozamisha nyambizi ya Wajerumani ni hiki kimoja, cha mbao na petroli.

Mwezi ule, ikumbukwe, ulikuwa mbaya kwa nyambizi kila mahali. Zaidi ya 40 zilipotea Mei 1943, na kabla mwezi haujaisha jemadari wao Karl Dönitz akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Ukilitazama jambo kwa ramani ya dunia nzima, CS-13 ni nukta. Mimi sioni kwamba ni aibu kuwa nukta. Vyombo vingi vya aina yake vilizunguka vita vizima bila kuona hata povu la nyambizi, na kazi yao ilikuwa ileile: kuwapo, kupiga mlio, kumfanya kamanda wa chini ajiulize mara mbili kabla hajainua darubini yake.

Vingine vilipata kazi ambayo hakuna aliyeviundia. Mwaka uliofuata, Marekani ilikusanya vyombo 60 vya aina hii na kuvivusha hadi bandari ya Poole kusini mwa Uingereza. Kazi yao asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yalipotua Normandy, ilikuwa kuokota watu majini. Waliitwa Kikosi cha Kwanza cha Uokoaji, lakini mabaharia wenyewe walijiita jeshi la viberiti, kwa sababu ukichukua kijiti cha mbao na kukijaza petroli ndicho unachopata. Maji ya Mlango wa Uingereza mwezi Juni bado ni baridi ya kuua. Askari aliyeanguka na mzigo wake mgongoni hakuwa na muda mrefu. Wimo mfupi wa vyombo hivi, ambao katika dhoruba uliwafanya wafanyakazi watapike roho, siku ile ukawa baraka: baharia aliweza kulala kifudifudi kwenye deki, kunyoosha mkono na kushika kola ya mtu. Chombo kimoja kilipakia watu 47 waliookolewa kutoka meli zilizokuwa zikizama jirani, nacho kiliundwa kwa wafanyakazi kumi na watatu au kumi na wanne. Kufikia mwisho wa kampeni ile, kikosi kilikuwa kimewatoa majini watu 1,438.

Turudi kwa Collado, maana yeye hakuishia katika kile kijichumba.

Miaka ya 1950 Cuba ilikuwa chini ya Fulgencio Batista, na baharia huyu akawa miongoni mwa waliompinga. Alifungwa kwa hilo. Alipotoka, alikwenda Mexico. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1956, katika mto wa Tuxpan, alishika usukani wa boti nyingine ya mbao, ya starehe, iliyoundwa mwaka 1943, mwaka ule ule wa moshi na mapipa. Boti hiyo ilikuwa Granma. Ilitengenezwa kwa watu kumi na wawili. Usiku ule ilibeba 82 waliokuwa wakielekea Cuba kupigana na Batista, pamoja na bunduki zao na makopo ya mafuta ya akiba juu ya deki. Mmoja wao alikuwa Fidel Castro. Mwingine alikuwa daktari wa Argentina mwenye pumu, Ernesto Guevara, ambaye miaka minane na nusu baadaye angevuka Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka Kigoma kwenda Kongo, akiitwa kwa jina alilojichagulia kutoka kamusi ya Kiswahili: Tatu. Moja na Mbili walikuwa wenzake wawili wa Cuba. Yeye aliyekuwa mkuu wao alijiweka wa tatu kwenye hesabu, ili akisikika asishukiwe.

Safari ya Granma ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Boti ilizidiwa mzigo, bahari ilichafuka, watu wakatapika, maji yakaingia, na mwendo ukawa wa kobe. Walikusudia kufika kwa siku tano, wakachukua saba. Usiku wa mwisho, wakitafuta mwanga wa mnara wa Cabo Cruz, mwongoza njia wao, Roberto Roque, alipanda juu ya kibanda apate kuona mbali. Boti ikayumba, naye akatupwa baharini.

Ilikuwa giza totoro. Kwa hesabu yoyote ya kijeshi walipaswa kuendelea: walikwisha chelewa siku mbili, mafuta yalikuwa yanakaribia kwisha, na ndege za Batista zingetoka alfajiri. Castro akaamuru wageuke. Collado akazungusha usukani, na boti iliyojaa watu 81 ikaanza kukata duara katika giza, ikipita ilikopita, watu wameegemea pembeni wakiita na kunyamaza, wakiita na kunyamaza, mpaka Roque akapatikana na kuvutwa juu akiwa hai.

Asubuhi ya tarehe 2 Desemba boti ilikwama kwenye matope ya mikoko karibu na Las Coloradas. Wakashuka, maji kifuani, bunduki juu ya vichwa. Granma leo imewekwa ndani ya nyumba ya vioo katikati ya Havana, inalindwa na askari mchana na usiku. Collado alifariki Aprili 2008, ana miaka 87, na magazeti ya nje yaliyoandika taazia yake yaliweka Granma kwenye kichwa cha habari. U-176 ilipata aya moja chini.